Uso wa Kyalo na Mashine ya Namba

Nyinyi vijana mnaonifuata na simu mkononi, "Susu, bibi yetu, ebu angalia hii mashine ya kunyoa, ni poa ama?", leo kaeni chini. Mimi nimestaafu. Kibandani mwangu pale sokoni Matiliku sasa kunauzwa mitumba ya watoto, na bado mnanitafuta mpaka shambani nikipalilia ndengu. Haya, nitasema yote mara moja, mniache nimalize mistari yangu.

Mashine ninayoijua mimi si ile ya umeme inayovuma sikioni, wala ile ya plastiki ya kutupa. Ni ya chuma, ina mpini, kichwani unaweka wembe wa pande mbili halafu unafunga. Kuna aina ambayo shingoni ina pete yenye namba, moja mpaka tisa. Ukizungusha hiyo pete, wembe unachungulia zaidi ama unajificha zaidi. Namba ndogo, wembe unachungulia kidogo na ngozi inapona. Namba kubwa, wembe umetoka mzima mzima, na kama hujui kazi utaondoka na shavu. Ni hivyo tu, hakuna uchawi. Lakini hicho kitu kidogo nimekiona kikiwashinda wazee wa ukoo mzima wakiwa wamevaa suti.

Mnashangaa mwanamke alifikaje kwenye ndevu. Nilifundishwa na Mzee Saidi, kinyozi wa Kitui mjini, familia ya Waswahili waliokaa pale tangu zamani za babu zao. Nilienda kumfagilia kibanda, akaona mkono wangu umetulia, akasema, "Binti, wewe unafaa kunyoa, lakini watu hawatakupa koo zao hivi hivi. Anza na yule." Akanionyesha kwa kidole beberu wa jirani.

Msicheke, nilimnyoa. Nilimpaka sabuni kidevuni, nikamshika pembe, nikamwondolea zile ndevu zote mpaka akabaki uso mtupu kama karani. Shida ilianza jioni. Mwenye beberu alipokuja kumchukua alimtazama, akasema huyu si wake, wake ni mzee. Akaenda kwa chifu kuripoti wizi, na beberu akamfuata nyuma mpaka huko, akasimama mlangoni anamngoja. Chifu aliandika kila kitu huku beberu anatafuna kona ya pazia. Mzee Saidi alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniambia neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote: "Umeona? Uso ni jina la mtu. Ukiuharibu, hata nyumbani hawamjui."

Basi, sasa Kyalo.

Kyalo ni kijana wa hapa Matiliku, anafanya kazi ya mbegu kule Kiboko. Mpole, mrefu, na ndevu zake zimejikunja kama nyuzi za sweta kuukuu. Ndevu za namna hiyo ukizikata vibaya zinarudi ndani ya ngozi, na uso unaumuka vipele. Kwa hiyo Kyalo alizifuga tu. Hakuwa na shida na mtu, mpaka akampenda Mwende wa Kanyangi.

Mwende hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Musyoka. Huyo mzee aliwahi kuuziwa punda na mtu mwenye ndevu. Punda akawa anajua njia moja tu, ya kurudi kwa aliyemuuza. Asubuhi unamfunga, saa nne hayuko, unamfuata, unamleta, kesho hayuko. Mzee Musyoka alikasirika, lakini hakukasirikia punda, alikasirikia ndevu. Akasimama kanisani siku ya ushuhuda, akatangaza mbele ya watu wote kwamba hakuna mwanamume mwenye ndevu atakayeingia bomani kwake na mbuzi za ntheo. Na nyinyi mnajua, mbuzi za ntheo zisipopokelewa, hakuna ndoa. Unaweza kufanya harusi kubwa, ukodi mahema na spika, kwa Wakamba huyo bado si mke wako.

Kyalo alikuja kwangu amenyoa na ile ya plastiki. Aiee! Uso ulikuwa umevimba kama mtu aliyegombana na nyuki. Akakaa kwenye kiti, akasema, "Mwaitu, mama yangu, nikienda na ndevu nafukuzwa. Nikienda hivi watasema mimi ni mgonjwa. Nimebakisha majuma machache. Nikimkosa Mwende, mimi sijui nitafanya nini." Na machozi yakamtoka, akajifanya ni sabuni, na mimi sikuwa nimempaka sabuni.

Nilimhurumia sana. Nikamwambia, "Wewe unahitaji mashine ya namba. Twende tutafute."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mnaponiuliza kila siku. Kyalo hakuwa maskini na hakuwa tajiri. Alikuwa na pesa za kadiri, na mbuzi walikuwa bado hawajanunuliwa. Kwanza alitaka ile ya bei ya kuua aliyoiona kwenye simu, imetoka ng'ambo, imelala kwenye sanduku la mbao kama maiti ya mtu mkubwa. Nikamuuliza, "Sanduku utanyolea wapi?" Ya pili ilikuwa ya mchuuzi wa pale stendi ya mji wa Wote. Inang'aa, rahisi, inavutia. Nilipoishika nikaizungusha pete, pete ikazunguka hivi hivi bila kushika mahali, kama mlango usio na komeo. Hiyo namba inasema tatu, ukifika kidevuni imekuwa saba yenyewe. Mchuuzi akaniambia, "Mama, hiyo ni otomatiki." Nikamwambia anyoe kwanza yeye.

Tuliyonunua ilikuwa ya katikati, kwa duka la Mwarabu mmoja Kitui mjini, rafiki wa watoto wa Mzee Saidi. Angalieni vile nilivyoichagua. Kwanza, pete ikizunguka unasikia inashika kila namba, tik, tik, na haitelezi. Pili, niliweka wembe, nikafunga, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango, nikatazama pande zote mbili. Wembe lazima uchungulie sawa kulia na kushoto. Ukichungulia zaidi upande mmoja, hiyo mashine imezaliwa kiwete, irudishe. Tatu, mpini una mikwaruzo ya kushikia, maana mkono una sabuni. Nne, na hii watu wa mijini hawaijui, ni maji yetu. Sisi huku tunaoga maji ya chumvi ya kisima. Rangi ya fedha iliyopakwa juu juu inabanduka kabla ya Krismasi. Tafuta shaba chini ya hiyo rangi. Utaijua kwa uzito, na pale ndani ya uzi wa skurubu pana umanjano kidogo. Halafu kila ukimaliza, suuza, pangusa, usiiache imelala kwenye maji.

Pesa zilizobaki tulinunua nyembe za aina kadhaa, pakiti ndogo ndogo. Hapo ndipo mtu hujua uso wake unapenda nini. Mashine unanunua mara moja, nyembe ndizo utakazoishi nazo.

Tulianza kwa namba moja, ikawa inaparuza na kuacha. Tukapanda mbili. Maji moto, taulo, sabuni mpaka ndevu zilegee, halafu kushuka na ndevu zinakolala, bila kukandamiza, unaacha uzito wa mashine ufanye kazi. Usirudie rudie mahali pamoja kama unafuta ubao. Kyalo alijipapasa, akajitazama kwenye kioo, akajipapasa tena. Hakuna kipele. Siku tatu, hakuna. Alinikumbatia nikiwa na wembe mkononi, nikamkaripia vizuri sana.

Basi mngedhani hadithi imeisha. Mmesahau kuna ukoo.

Asubuhi ya ntheo walifika kibandani kwangu wote. Baba yake Kyalo alishafariki, kwa hiyo mkuu wa msafara alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Kilonzo, mtu wa kifua mbele, anayeongea kama yuko kwenye spika hata akiomba chumvi. Nyuma yake wakaja ndugu zake wadogo, na wa mwisho kabisa ni Nzuki, ambaye ana wajukuu lakini bado wanamtuma maji. Wote walitaka kunyolewa, maana amri ya Mzee Musyoka ilisema mwanamume mwenye ndevu, haikusema bwana harusi peke yake. Hapo walikuwa na akili.

Nikamkalisha Kyalo. Mzee Kilonzo akavaa miwani, akainama kwenye mashine.

"Hii namba ni ya nini?"

"Ni ya kupima wembe, mzee."

"Na Kyalo umempa ngapi?"

"Mbili."

"Na mimi utanipa ngapi?"

Kwa ngozi yake nikasema, "Hata wewe mbili ama tatu."

Nzuki akaweka chini sufuria ya maji moto.

"Mimi," Mzee Kilonzo akasema, "niliyemlea huyu mtoto, nipewe sawa na yeye? Kubwa kabisa ni ngapi hapo?"

"Tisa, lakini mzee..."

"Tisa ni yangu."

Nilikataa. Nikasema mimi sijawahi kumwaga damu ya mtu na sianzi leo. Akaichukua mashine mwenyewe, akazungusha mpaka tisa, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki nje. Nilisikia "ssss" mara ya kwanza, nikasikia "ssss" ya pili, halafu akaingia ndani ameshika kidevu kwa leso, akasema, "Iko sawa. Inakata vizuri." Tukambandika vipande vya karatasi ya choo, na damu ikapita, tukabandika vingine juu. Akakaa wima kabisa kama mtu aliyepewa medali.

Mimi nikaosha kichwa cha mashine kwa spiriti, nikatia wembe mpya, maana kwangu kila mtu na wembe wake hata kama ni wa tumbo moja. Nikageuka, nikakuta wengine washaunda kamati. Kweli kabisa, walikuwa na mwenyekiti na mtu wa kusoma namba kwa sauti. Anayemfuata Kilonzo apewe nane, anayefuata saba, hivyo hivyo kushuka mpaka Nzuki. Halafu wakakwama kwa Kyalo. Mmoja akasema ni mdogo, apewe moja. Mwingine akasema leo ndiye bwana harusi, tukimpeleka kwa watu na namba mbili watasema tunatoka kwa ukoo wa mbili. Apewe nane ya heshima.

Kyalo alinitazama kwenye kioo. Sikuhitaji aseme kitu. Nane kwenye ngozi ile, angefika Kanyangi uso umeumuka, na mbuzi wangerudi nyumbani na sisi.

Nikapiga meza kwa brashi. "Ebu ngojeni! Nyinyi watu mmesoma wapi? Mtoto wako akitoka shule akwambie amekuwa namba tisa, unamchinjia kuku? Si unamchinjia akiwa namba moja? Moja ndiyo ya mbele! Tisa ni ya mkia!"

Nilijiona mjanja sana, wanangu. Wazee walitazamana, wakakubali kwa kichwa, wakasema huyu mama amesema ukweli. Mzee Kilonzo akaanza kuvua karatasi usoni.

"Yaani mimi nimenyolewa mkia?"

"Umejinyoa mwenyewe, mzee."

"Ninyoe tena. Moja."

"Ndevu zimeisha, mzee. Hata na ngozi kidogo."

Akafura, na akiwa amefura hivyo akatoa uamuzi. Sawa, moja ni ya mkubwa. Imeandikwa kwake hata kama hakuitumia. Anayefuata mbili, anayefuata tatu. Akahesabu wazee wote, akawapanga, halafu akafika kwa mdogo kuliko wote kibandani. "Kwa hivyo Kyalo, tisa."

Mungu wangu! Nilitaka kujipiga kofi. Nilikuwa nimemtoa kwenye nane nikamtia kwenye tisa, kwa mdomo wangu huu huu. Mtu wa kusoma namba alishanyoosha mkono kwenye pete. Nikamshika kiganja. Nikamwambia akigusa ninamnyoa nyusi, na sikuwa natania. Tukawa tunavutana juu ya kichwa cha Kyalo, mimi na mzee mzima mwenye tai.

Ndipo Kyalo akasimama, sabuni usoni, shuka shingoni. Hakupaza sauti, huwa hapazi.

"Baba mkubwa, nakuheshimu. Tangu baba afariki sijawahi kukupinga hata mara moja. Lakini hii ngozi niliachiwa na baba. Unakumbuka alivyokuwa akijikuna kidevu usiku kucha? Unakumbuka alivyokuwa hataki kupigwa picha? Picha hatuna. Leo nataka niende kwa kina Mwende na uso wa baba ukiwa mzima. Niachie hiyo mbili."

Karatasi moja ikaanguka kutoka shavuni kwa Mzee Kilonzo. Huyo marehemu alikuwa ndugu yake wa ziwa moja, walichunga ng'ombe pamoja. Akageukia mlango, akafuta macho kwa leso ile ile ya damu, ikawa mbaya zaidi.

"Mama," akaniambia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mnyoe vile anataka."

Nilimnyoa Kyalo polepole, namba mbili. Wengine niliwanyoa baadaye kwa namba niliyotaka mimi. Hakuna aliyeuliza.

Tukaondoka. Mimi pia nilipakiwa, kwa sababu kamati iliogopa Kyalo anaweza kuota ndevu njiani. Nilipouliza ni ndevu gani hizo za kuota kati ya Matiliku na Kanyangi, wakasema barabara ni mbaya, hujui. Tukavuka mto Athi, mbuzi nyuma, mimi mbele na mashine pajani.

Kanyangi tulikuta boma limejaa. Akina mama wamesimama kwa jikoni, na Mwende nilimwona anachungulia dirishani, uso umekauka kwa hofu. Tulisimamishwa getini. Sheria ya hapo ni kwamba mwenye boma atoke mwenyewe, atutazame nyuso, ndipo mbuzi waingie. Tukapanga mstari kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Mzee Kilonzo aliwekwa mwisho, akatazama mbali ili shavu zuri ndilo lionekane, ingawa hakuwa na shavu zuri.

Mlango ukafunguliwa, Mzee Musyoka akatoka.

Alikuwa na ndevu.

Na si kidogo. Ndevu nyeupe, zimetawanyika kila upande, hazina mpango. Watu wa kwake walikuwa wanatazama chini, ilionekana wazi walishalizungumza wakachoka. Nzuki alinong'ona, "Sasa yeye ataingiaje?"

Mzee Musyoka akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Kyalo. Akamwangalia. Akainua mkono, akampapasa shavu moja, kisha lingine.

"Umenyoa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mwende aliniambia ngozi yako inaumia. Alilia hapa. Na mimi nilishatangaza kanisani, kurudisha neno nikaona aibu. Nikafuga zangu. Nikasema kijana akija na ndevu, anikute na mimi ninazo, nani atamfukuza?" Akajikuna shingo kwa vidole vyote. "Watu wanaishije na hii kitu? Silali!"

Hakuna aliyejua kama ni ruhusa kucheka. Kyalo alikuwa amesimama tu, machozi yanashuka, na safari hii hakujifanya ni sabuni. Mzee Musyoka akatazama mstari wote, akamfikia Mzee Kilonzo na karatasi zake, akataka kuuliza, akamhurumia akaacha. Kisha akauliza kama kweli kuna kinyozi kati yetu. Wakanisukuma mbele.

Akaletewa kiti pale pale getini, mbele ya mbuzi na watu wote. Nikamfunga shuka, nikaomba maji moto, nikampaka sabuni. Kamati yote ikasogea karibu, na mtu wa kusoma namba, kwa ile tabia, akakohoa akauliza, "Mzee wa boma tumpe namba ngapi?"

Nilitaka kumrushia brashi. Lakini Mzee Musyoka alikuwa ameshafumba macho na kuinua kidevu.

"Namba gani tena?" akasema. "Nipe ile ya mkwe wangu."

Kule jikoni Mwende akapiga kigelegele kabla ya mama yake. Mtu akafungua geti, mbuzi wakaingia wenyewe, na mimi nikabadilisha wembe.